Mwamba Uliopumzishwa

Ukiwa na mtoto anayejua lugha ya wageni na wewe huijui, usikae tu ukajisifu anapogeuza maneno huku na huku. Sogea karibu. Mtazame usoni. Mama Koti hakusogea. Siku ile alikuwa na ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe, na moyoni anamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye akili.

Jina la Mama Koti alipewa na wanawake wenzake wa mwambani. Mumewe alipofariki aliacha koti zito la kijivu lenye mifuko mikubwa, na yeye akaanza kulivaa kila aliposhuka baharini asubuhi, maji yakitoka na upepo ukiwa bado mkali. Wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, ndiye aliyeanza. "Jamani, sisi tunaenda kutafuta pweza, mwenzetu anaenda kufungua kikao." Wakacheka mpaka wakashika mbavu, jina likaganda, na mwenyewe akalizoea.

Mwamba wenyewe uko mbele ya nyumba zao. Maji yakijaa huuoni kabisa. Yakitoka, mgongo wake mpana unachomoza, mweusi, umejaa mashimo na vidimbwi, na wanawake wanashuka na fimbo na ndoo. Pweza hujificha shimoni. Unapenyeza fimbo polepole, yeye anaikumbatia kwa hasira, nawe unamvuta. Hiyo ndiyo kazi. Kwa fimbo hiyo Mama Koti alilea watoto baada ya baba yao kufariki, akawaoza wakubwa, akabaki na wa mwisho, binti, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda. Kitinda alikuwa mwepesi wa lugha kama wengine walivyo wepesi wa mbio. Alipomaliza sekondari alikuwa anaongea lugha ya wageni utadhani aliinyonya kwa mama yake, ambaye hata maji ya kunywa hawezi kuyaomba kwa lugha hiyo.

Basi wakaja watu wa mradi wa kuhifadhi bahari. Msimamizi wao alikuwa mtu wa nchi hiihii, anaongea kama sisi, ila hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake pana, hata ndani ya nyumba, kwa hiyo naye akaitwa Kofia. Kofia aliwaita wanawake kwenye darasa la shule ya msingi, wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, akawaambia pweza wanakwisha, na dawa yake ni moja tu, kuufunga mwamba.

"Kuufunga?" wifi akauliza kutoka dawati la nyuma.

"Kuufunga, mama."

"Kwa kufuli gani? Hilo la ofisini kwako au uje na jingine?"

Darasa likalipuka. Mwanamke mmoja akamuuliza Kofia kama na funguo atakaa nazo yeye, mwingine akasema wamfunge kwanza mume wake maana ndiye anayepotea zaidi ya pweza. Kofia akajaribu kuongea, hakusikika. Mkutano ukafa hapohapo, na wanawake wakarudi nyumbani wakiigiza namna alivyoikaza kofia yake akitoka.

Haukupita muda Kofia akabisha hodi kwa Mama Koti. Safari hii alikuwa mpole kama mposaji. Kuna mgeni, alisema, msichana kutoka ng'ambo, anakuja kujitolea kwenye mradi, na wao wangependa akae kwenye familia, siyo hotelini, ili ajifunze maisha. Amesikia kuna binti hapa anajua lugha. Na kile chumba cha nyuma kina mtu?

Hakikuwa na mtu. Mama Koti akakifagia, akatandika shuka lake zuri.

Mgeni alifika na begi lililomzidi urefu na neno moja tu mdomoni. Alipewa kiti, asante. Alipewa maji, asante. Kuku alimkatiza mbele, asante. "Huyu hata ukimkanyaga atakushukuru," wifi akasema, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita Asante, naye anaitikia, anafurahi, hajui.

Nisiseme uongo, alikuwa mtoto mwema. Alifagia uani vibaya lakini alifagia. Alishuka mwambani na wanawake, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Siku moja alikanyaga miiba ya baharini, ile myeusi mirefu, akarudishwa amebebwa mgongoni na wifi aliyekuwa analalamika njia nzima kwamba kumbe wageni wana mifupa ya chuma. Mama Koti akaketi kwenye mkeka, akaupakata ule mguu, akawa anatoa miiba mmoja mmoja kwa sindano huku anaupuliza kama wa mtoto mchanga. Msichana alilia, akasema kitu.

"Anasema wewe ni mama yake wa pili," Kitinda akatafsiri.

"Mwambie mama yake wa kwanza ana moyo wa jiwe. Mimi nisingelala. Mtoto wa kike avuke bahari zote hizo, akafanye kazi bila mshahara, kwa watu asiowajua?"

"Ndiyo kujitolea, mama."

"Anajitolea nini?"

"Muda wake. Nguvu zake." Kitinda alikuwa anauangalia ule mguu, siyo mama yake. "Mradi huu uko nchi nyingi. Hata mtu wa hapa wakiridhika naye wanampeleka upande mwingine akajitolee."

"Sisi hatujamaliza kujitolea hapahapa," Mama Koti akasema, na sindano ikaendelea na kazi yake. Kitinda akacheka kidogo.

Neno la kupumzisha lilizaliwa mchana mmoja uani. Mama Koti alikuwa anampiga pweza kwenye jiwe ili alainike, Asante amechuchumaa pembeni, Kitinda katikati yao. Asante akauliza kama wanawavua pweza hata wenye mayai.

"Sisi siyo wendawazimu," Mama Koti akasema. "Kuna upande wa mwamba wenye mashimo marefu. Majike wanaingia humo na mayai yao. Pweza jike akishataga hali tena. Anayalinda, anayapulizia maji, anakonda pale pale mlangoni mpaka watoto watoke, halafu yeye anakufa. Sasa ukimkuta mama katika hali hiyo utamchoma fimbo? Upande huo tunaupumzisha. Watoto wakishatoka, tunarudi."

"Mna-fanya-nini?" Asante alilidaka lile neno bila kusubiri tafsiri.

"Tunaupumzisha."

"Kupumuzisha."

"Siyo kupumuzisha. Kupumzisha. Kwenye m funga mdomo."

"Kupu-mmm-zisha."

Wakacheka wote watatu. Siku hiyo Asante alipumzisha birika, akapumzisha kiti, akampumzisha na kuku. Alipita nalo mtaani kama mtoto aliyenunuliwa filimbi.

Ni baada ya hapo ndipo ikaja ile siku ya ungo wa mchele. Kofia alikuja akaketi kwenye benchi na wale wasichana wawili, wakaongea kwa lugha ya wageni, muda mrefu. Kitinda ndiye aliyeongea zaidi. Mara, katikati ya maneno yale yasiyoshikika, Mama Koti akasikia neno lake mwenyewe limetoka mdomoni mwa binti yake, zima, limenyooka. Kupumzisha. Kofia akatikisa kichwa kama mtu asiyependa. Kitinda akalisema tena. Asante akapiga makofi.

"Mnasema nini huko?" Mama Koti akauliza, anatabasamu.

"Wanakusifu, mama."

Akainamisha kichwa kwenye mchele wake kwa haya. Sifa tamu. Mtu ambaye hakufika mbali kishule anasifiwa kwa neno lake.

Mkutano wa pili ulifanyika kwenye darasa lilelile. Kofia safari hii hakufungua mdomo, alikaa dirishani. Aliyesimama ni Asante, na kanga kiunoni, na wanawake walipomwona tu nyuso zikafunguka, maana huyu walishamfuta matope. Akasema, kwa lugha yetu, polepole, "Mama zangu. Hatufungi. Tunapumzisha. Kama Mama Koti."

Vichwa vyote vikageuka.

"Ndivyo?" wifi akamuuliza.

"Ndivyo tunavyofanya siku zote," Mama Koti akajibu. "Ila sasa ni mwamba wote mara moja."

"Mpaka lini?" wifi akamgeukia mgeni. "Muulize, mwanangu. Mpaka lini?"

Kitinda akauliza. Asante akajibu kwa lugha yake, akaongea na mikono, akaonyesha mbali, akaonyesha mbali zaidi. Alipomaliza, Kitinda akasema, "Anasema mpaka mwamba upate nguvu."

"Maneno mengi vile yametoa hayo tu?"

"Lugha yao ina mikia, shangazi."

Wakacheka. Nani asingecheka? Kisha wakamtazama tena Mama Koti, kwa sababu kofia hawaiamini na mgeni ni mgeni, lakini koti wanalijua. Mama Koti akaitikia kwa kichwa. Mikono ikanyooshwa darasa zima, hata ule wa wifi, wa mwisho kabisa.

Asante aliondoka muda wake ulipokwisha. Alimkumbatia Mama Koti, akalia kwenye lile koti mpaka likalowa begani, akasema nitarudi, bila kukosea hata herufi moja. Boti ya mradi ikaja ikapanga maboya ya rangi ya chungwa kuuzunguka mwamba. Na wanawake wakasubiri.

Walisubiri kwa adabu. Waliokuwa na shamba walirudi shambani, wengine wakaenda kufua nguo za watu, wifi akauza vitumbua na matusi. Mara kwa mara mmoja akipita kwa Mama Koti anauliza, imetosha? Naye anajibu, bado kidogo, watoto hawajatoka. Aliulizwa yeye. Si mradi, yeye. Na alijivunia kuulizwa.

Msimu wa mayai ukaisha. Pweza wadogo wakaanza kuonekana mpaka nje ya maboya. Na siku moja wifi akaja, akamshika Mama Koti mkono, akamtoa ndani, akamwonyesha bahari. Ndani ya maboya kulikuwa na boti nyeupe, na watu wenye mitungi ya hewa mgongoni wanajitumbukiza mmoja baada ya mwingine, wanaibuka, wanacheka.

"Tumeambiwa mwamba umelala," wifi akasema. "Mbona hawa wanaingia mpaka chumbani kwake?"

Mama Koti aliitazama ile boti mpaka ikaondoka. Kesho yake maji yalipotoka akavaa koti, akachukua fimbo, akawapitia wenzake nyumba kwa nyumba. "Twendeni. Umepumzika vya kutosha."

Hawakufika hata kwenye vidimbwi vya kwanza. Boti ya mradi ilikuja mbio, Kofia yumo, na walinzi. Wanawake wakasimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

"Akina mama, huku kumefungwa."

"Kumepumzishwa," Mama Koti akamsahihisha.

"Sawa, kumepumzishwa. Moja kwa moja."

Upepo ulikuwa unapiga, Mama Koti alidhani hakusikia vizuri. "Moja kwa moja vipi? Kitu kinachopumzika kinaamka."

"Mama, hili ni eneo la hifadhi. Haliamki. Mgeni alilieleza mbele yenu wote siku ile. Alisema hata wajukuu zenu hawatavua hapa, watakuja kutazama tu. Binti yako alikuwa anatafsiri."

"Hatukuambiwa hivyo."

"Hilo mkamuulize yeye."

"Na wewe ulikuwa umekaa dirishani," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hawakuizoea. "Lugha zote mbili unazijua. Ulisikia kilichosemwa na ulisikia tulichoambiwa."

Kofia akaivua ile kofia. Ndiyo mara ya kwanza wakaona kwamba ana kipara. "Mimi nimeajiriwa, mama. Na lile neno sikulitaka. Waulizeni. Mimi nilitaka tuseme kufunga, watu wajue moja. Ni yule binti aliyesema, mkisema kufunga mtachekwa tena, semeni la mama yangu, hilo watalikubali." Alikuwa anamtazama Mama Koti, na usoni mwake kulikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Nilidhani unajua. Nilidhani mlipanga nyumbani."

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Wanawake waligeuka mmoja mmoja wakarudi ufukweni, na walipokuwa wanarudi walimwachia Mama Koti nafasi pande zote mbili, kama mtu aliyebeba kitu kinachonuka.

Kitinda alikuwa ndani anapiga pasi. Magauni matatu yalikuwa yamekwisha kunyooshwa, yamelazwa juu ya begi jipya lenye alama ya mradi. Mama Koti alikuwa anajua habari za safari, aliambiwa majuma machache nyuma, akalia, akakubali, akaanza kuulizia huko kuna baridi kiasi gani. Sasa alisimama mlangoni, koti linachuruza maji.

"Walikuambia lini kwamba utasafiri?"

Kitinda hakuinua uso. "Zamani kidogo."

"Kabla ya mkutano au baada?"

Pasi ikatulia juu ya nguo. Ikaanza kunuka. Mama Koti alikwenda mwenyewe akaiinua, akaisimamisha pembeni, kwa sababu hata siku kama hiyo mama hawezi kutazama mtoto akijiunguzia nguo.

"Kabla," Kitinda akasema.

"Kwa hiyo uliniuza."

"Sijakuuza, mama. Pweza walikuwa wanakwisha kweli. Wewe mwenyewe ulikuwa unarudi na ndoo tupu, unasema bahari imekasirika. Wangefunga tu, kwa neno lile au hili. Nilitaka wafunge bila watu kupigwa."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Ndiyo maana watu huulizwa."

Kitinda sasa aliinua uso, na alikuwa na machozi, lakini mdomo wake ulikuwa mkali. "Sikusema uongo hata neno moja. Neno ni lako. Kupumzika ni kupumzika. Hata baba, siku ile, ulitukalisha hapa ukatuambia baba amepumzika. Kuna aliyemngoja aamke?"

Mama Koti akalivua koti taratibu, mkono huu, mkono ule, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na akatoka nje akaketi kwenye jiwe la kupigia pweza. Wifi alimkuta hapo. Hakuketi. Alisimama mbali kidogo, amekunja mikono.

"Sasa nimeelewa kujitolea," wifi akasema. "Nilidhani mtu anatoa chake. Kumbe unatoa cha mwenzako, halafu unapigiwa makofi wewe."

"Wifi, mimi sikujua."

"Uliitikia kwa kichwa, mama. Sisi hatukumtazama mgeni. Tulikutazama wewe."

Akaenda zake.

Utauliza kama Kitinda aliondoka. Aliondoka. Na mama yake alimzuia? Hakumzuia. Alimfungia mkate kwenye begi, akamwekea na dawa ya tumbo, akakagua zipu mara mbili. Hasira ilikuwepo imejaa kifuani kama maji ya bamvua, lakini chini ya hasira hofu ilikuwa ileile ya siku zote, kwamba mtoto anavuka bahari, atakula nini, atalala kwa nani. Gari lilipowaka alisema neno moja tu. "Ukifika, piga."

Baada ya hapo maisha ya Mama Koti yakawa ya kuongea na vyombo. Akipita, mazungumzo yanakatika. Dukani anahudumiwa haraka ili aondoke. Wanawake wanne watano bado hushuka ufukweni maji yakitoka, wanakaa mchangani na fimbo zao kavu, wanatazama maboya, na yeye hukaa hatua nyingi kutoka kwao, bila koti. Watoto wa mtaani nao wamepata mchezo mpya, mtu akinyang'anywa kitu anaambiwa kimepumzishwa.

Kitinda alipiga siku alipofika, akapiga tena na tena. Mama Koti alikuwa anapokea kwa sauti fupi. Umekula? Unalala salama? Haya. Mpaka siku moja asubuhi akapiga simu ya picha, uso umejaa kioo kizima, amenenepa mashavu, anacheka.

"Mama, nimewekwa kwenye nyumba moja ya wavuvi. Chumba cha nyuma. Mama mwenye nyumba ananipenda huyo, utadhani kanizaa. Juzi nilikanyaga miiba baharini, akanipakata mguu, akaitoa yote kwa sindano."

Mama Koti akaisogeza simu karibu na uso. "Wanavua nini huko?"

"Wanaume samaki. Wanawake wanaokota chaza, mwamba wao uko mbele ya nyumba hivi."

"Lugha yao?"

"Nimeshaijua ya jikoni. Unanijua mimi."

"Nakujua," Mama Koti akasema. "Mkutano umeshafanyika?"

Kicheko cha Kitinda kikafifia. "Mkutano gani?"

"Kitinda."

"Bado. Wiki hii."

"Na neno lao la kupumzisha? Umeshafundishwa?"

Huko ng'ambo kulikuwa na sauti ya sufuria, na mtu anaimba kwa mbali. Kitinda alitazama pembeni. "Mama, huku ni tofauti."

"Umefundishwa au hujafundishwa?"

"Nimefundishwa."

"Nipe huyo mama nimsalimie."

Kitinda akasita, lakini yule mama alikuwa ameshasikia sauti na amekuja mwenyewe, akainamisha uso wake kwenye kioo. Alikuwa mtu mzima, kitambaa kichwani, kijasho puani, mwiko mkononi. Alimpungia Mama Koti kwa mwiko. Na Mama Koti, aliyekuwa na maneno mengi kifuani, akaona ni kama anajitazama kwenye kioo cha kabatini.

"Mwambie hivi," akasema. "Neno kwa neno, Kitinda, usipunguze. Mwambie, dada, huo mwamba wako wanautaka, na hawataurudisha. Mwambie huyo mtoto uliyempakata mguu ni wangu, nimemzaa mimi, nampenda, na usimwamini mkutanoni. Mwambie wakisema neno lako tamu, uwaulize mpaka lini, na usikubali mpaka ujibiwe."

Kitinda akamgeukia yule mama akasema kwa lugha yao. Alisema kwa muda. Safari hii Mama Koti hakuchambua mchele. Hakumtazama hata Kitinda. Alikaza macho kwa yule mama, na akaona uso wake unafunguka, meno yanaonekana, anaweka mkono kifuani, anacheka kwa furaha, anamshika Kitinda shavu na kumvuta kama mtoto wa mwisho anavyovutwa.

"Anasema asante sana kwa maneno mazuri," Kitinda akasema. "Anasema umelea vizuri."

Hakuna mwanamke anayeambiwa mwamba wake unachukuliwa akacheka vile.

Mama Koti hakubishana. Alinyanyuka na simu mkononi, akatoka nje, akashika njia ya ufukweni, kandambili zinampiga visigino.

"Mama, unaenda wapi? Mama?"

"Namwonyesha nyumbani."

Alipita mbele ya wifi na wale wengine waliokaa mchangani, wakainua vichwa. Akafika ukingoni mwa maji, akaigeuza simu, akainyoosha kuelekea mwambani: yale maboya ya chungwa, boti nyeupe katikati yake, mitungi inayong'aa, na huku ufukweni wanawake wenye fimbo kavu. Kwa hayo hakuhitajika mkalimani. Yule mama ng'ambo angeyasoma mwenyewe, kama alivyokuwa anasoma maji.

Alisubiri kidogo, kisha akaigeuza simu kwake amwone uso.

Kioo kilikuwa chekundu na cheusi, kimeziba. Ilimchukua muda kuelewa anachokitazama. Ni kidole. Ni nyama ya kidole gumba cha mkono uliofunika kioo kizima cha simu kule ng'ambo, na pembeni yake kovu jembamba jeupe, la kisu, alilolipata Kitinda akiwa mdogo siku alipong'ang'ania kumsaidia mama yake kukata pweza. Mama Koti ndiye aliyekifunga kidonda kile kwa kitambaa.

"Mtandao, mama," sauti ya mwanawe ikasema nyuma ya kidole. "Mtandao mbaya, hatukuoni." Na simu ikakatika.

Mama Koti alibaki ameishika mbele yake. Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanamlowesha miguu, na hakusogea.

Ndipo akasikia hatua mchangani, na wifi akaja akasimama kando yake, karibu, bega kwa bega, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kasemaje?" wifi akauliza.

"Kasema mtandao."

Wifi akaitazama ile simu, akayatazama maboya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema mzaha bila kucheka.

"Umepumzika," akasema.